Paja la Sheshe na Swali la Shemeji

Shemeji yangu wa Ifakara alinipigia simu usiku, paja la nyama liko jikoni kwake na moyo hautulii. Rafiki yake wa siku nyingi alikuwa amempitishia, limefungwa kwenye salfeti, akamwambia ni sheshe, yule mnyama wa bonde la Kilombero wa ukoo mmoja na kuro, kisha akaondoka bila kudai hata mia. "Sikununua, nimepewa," shemeji akasema. "Kosa langu liko wapi hapo? Na tukilichemsha likaiva, si basi?"

Hayo ni maswali mawili kwa pumzi moja. La kwanza ni la sheria, la pili ni la chungu. Wengi wetu tumezoea kuyatenga: la sheria tunamwachia askari wa wanyamapori, la chungu tunamwachia anayepika. Nilipoanza kumjibu shemeji niligundua siwezi kulijibu moja bila kuligusa la pili, kwa sababu karatasi anayoitaka askari ndiyo hiyo hiyo ambayo ingemwambia mpishi mnyama huyu alikufaje, lini, na nani alimwona akiwa hai.

Tuanze na mwenye mali. Kwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori wote wa Tanzania ni mali ya umma, na Rais ndiye mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Mnyama akishakufa, pembe, ngozi, jino na nyama yake vyote vinaitwa nyara za Serikali. Neno "nyara" hutupeleka kwenye meno ya tembo, lakini mahakamani kipande cha nyama ya swala kwenye sufuria nacho ni nyara. Na kosa linaloandikwa mara nyingi kwenye hati ya mashtaka ni la kupatikana nayo, wala haliulizi kama ulilipa. Ndiyo maana magazeti hayaishi habari za mtu aliyehukumiwa miaka 20 kwa nyama ambayo kwa bei ya sokoni isingefika thamani ya mbuzi mmoja. Mimi naona adhabu hiyo ni nzito kupita kiasi kwa mtu aliyekutwa na kitoweo cha siku mbili, na wapo wanasheria wanaosema hivyo pia. Lakini ndivyo ilivyo, na neno "nimepewa" halimtoi mtu kizimbani.

Kwa hiyo nchini Tanzania mpaka kati ya halali na haramu haupiti kwenye pesa. Unapita kwenye karatasi. Ukiwa na leseni ya uwindaji, au kibali, au risiti ya bucha lililoruhusiwa, unayo nyama. Usipokuwa nayo, unayo nyara.

Si kila nchi imeuchora mpaka huo mahali hapo, na ukilinganisha unaelewa kila moja iliogopa nini.

Marekani waliuchora kwenye pesa. Huko mtu akiwinda kulungu kwa leseni yake anaruhusiwa kumpa nyama jirani, shangazi, hata benki ya chakula inayolisha maskini, lakini kuiuza nyama ya kulungu wa mwituni karibu kila jimbo limekataza. Sababu ni historia. Karne ya 19 wawindaji wa biashara waliwamaliza wanyama kwa kuyalisha masoko ya miji mikubwa. Njiwa msafiri, aliyekuwa akipita angani kwa mamilioni, alitoweka kabisa. Wa mwisho alifia kwenye bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Sheria ya Lacey ya mwaka 1900 ilitungwa kuzuia wanyama waliowindwa kinyume cha sheria wasisafirishwe toka jimbo moja hadi jingine kwa biashara. Nyama ya kulungu unayoikuta hotelini huko basi kwa kawaida ni ya kufugwa, na nyingine inatoka New Zealand.

Uingereza waliuchora kwenye umbali na kiasi. Mwindaji akila mwenyewe na jamaa zake, mkaguzi hana habari naye. Akitaka kuuza kidogo, anaruhusiwa kumuuzia mlaji moja kwa moja au duka la karibu, na neno "karibu" limepimwa: wilaya yake na ya jirani, au kilomita 50 kutoka mpaka wa wilaya yake. Akivuka hapo, au kiasi kikiwa kikubwa, mzoga lazima upitie kwenye kiwanda kilichoidhinishwa, uambatane na tamko la mtu aliyefunzwa kwamba mnyama hakuonekana na tabia ya ajabu kabla ya kupigwa, wala dalili ya ugonjwa baada ya kupasuliwa, pamoja na tarehe, saa na mahali alipouawa. Nguruwe pori ana sharti lake la pekee: hata akiuzwa mmoja tu kwa mlaji, lazima apimwe minyoo ya Trikinela.

Kenya wao walifunga mlango. Uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Miaka ya 1990 lilifanyika jaribio la kuruhusu baadhi ya mashamba kuvuna pundamilia, swala na wengineo, na wageni wa Nairobi wakawa wanakula nyamapori hotelini. Jaribio likafungwa mwaka 2003. Leo sheria ya mwaka 2013 inamtia hatiani hata anayewinda kwa ajili ya kula mwenyewe. Mbuni na mamba unaowaona kwenye orodha ya vyakula Nairobi ni wa kufugwa.

Tanzania nasi tulikuwa karibu na hapo hadi juzi. Nyama halali ilikuwepo, maana kulikuwa na uwindaji wa kitalii na wa wenyeji, ila raia wa kawaida hakuwa na duka la kuinunua. Baada ya agizo la Rais wa wakati huo, John Magufuli, zikatungwa Kanuni za Uuzaji wa Nyamapori za mwaka 2020, na mabucha ya nyamapori yakaanza kufunguliwa chini ya leseni ya TAWA, mamlaka inayosimamia wanyamapori nje ya hifadhi za taifa na Ngorongoro. Nyama yao hutoka kwa waliowindwa kwa leseni au kibali, au kwenye mashamba na ranchi za wanyamapori.

Watu waliyapokea mabucha hayo kama habari ya ladha: hatimaye tutakula pofu bila kujificha. Kwangu habari kubwa ilikuwa nyingine. Sasa nyamapori ilipaswa kupita mahali ambapo nyama ya ng'ombe imepita siku zote, yaani mbele ya macho ya mkaguzi. Mwenye bucha hajibu kwa TAWA peke yake. Kuna daktari wa mifugo na sheria ya magonjwa ya wanyama ya mwaka 2003, kuna Bodi ya Nyama iliyotokana na sheria ya mwaka 2006, na kuna TBS, shirika la viwango, lililokabidhiwa usalama wa chakula mwaka 2019 baada ya TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kuvuliwa kazi hiyo na kugeuzwa TMDA, ya dawa na vifaa tiba. Ndiyo, ni ofisi nyingi, na mfanyabiashara mdogo ana haki ya kulalamika. Ila kila moja inatazama kitu chake: mmoja anauliza mnyama ametoka wapi, mwingine kama alikuwa mgonjwa, mwingine kama meza ni safi.

Sasa chungu.

Ng'ombe wa machinjioni hukaguliwa mara mbili. Kwanza akiwa hai: anatembeaje, anapumuaje, ana homa, anadondosha udenda? Halafu akishachinjwa: mapafu, ini, tezi, moyo. Mnyama wa porini hana ukaguzi wa kwanza. Aliyemwona hai ni mwindaji peke yake, kwa sekunde chache, kupitia mtutu. Ndiyo maana Waingereza wanataka tamko la yule mtu, na ndiyo maana mwindaji mwadilifu ni daktari wa kwanza wa mlaji. Swala asiyekimbia akiona watu anastahili kutiliwa shaka, na mwindaji wa kweli haoni hiyo ni bahati.

Ugonjwa unaotisha kuliko yote kwenye mnyororo huu ni kimeta. Bakteria wake akikutana na hewa hujifunga ndani ya spora, kitu mfano wa mbegu ngumu, na spora hiyo inaweza kukaa ardhini miongo mingi ikisubiri mnyama aje kulisha. Mnyama aliyekufa kwa kimeta mara nyingi huvimba upesi, hakakamai vizuri, na damu isiyoganda humtoka puani, mdomoni au nyuma. Kanuni ya kwanza ya mzoga wa namna hiyo ni kutoupasua kabisa, maana kisu ndicho kinachozifungulia spora mlango. Huchomwa moto au kufukiwa kwa kina, na wataalamu ndio wanaosimamia.

Mwaka 2011 wilayani Chama, mashariki mwa Zambia, viboko walianza kufa kando ya mto. Walikufa wasiopungua 80. Kiboko mmoja ni nyama ya kijiji kizima, na vijiji vilikuwa na njaa ya kitoweo. Watu zaidi ya 500 waliugua kimeta, na wengine walikufa. Mwaka 2023 Zambia hiyo hiyo ilipata tena mlipuko, safari hii ukasambaa katika mikoa mingi, na viboko wakatajwa tena. Uganda nako mwaka 2004 kimeta kiliua viboko wengi mno kwenye Hifadhi ya Queen Elizabeth.

Kinachonigusa kwenye kisa cha Chama ni kwamba nyama nyingi namna ile ni rahisi kugawiwa. Sote tunagawiana, paja kwa mjomba, mbavu kwa jirani, na ugonjwa unaweza kupita njia ile ile ya ukarimu. Anayeuza ana sababu ya kuogopa kupoteza wateja. Anayegawa haogopi kitu, na anayepokea zawadi huona aibu kuhoji.

"Tutaichemsha" ni jibu zuri kwa magonjwa mengi, ila halifiki kwa kila ugonjwa. Spora za kimeta zinastahimili joto na ukavu. Kuanika hakuziui, kubanika juu ya moshi hakuziui, kwa hiyo vile vimoro vya nyumbu, vipande vya nyama kavu, vinavyofungwa kwa kamba na kusafirishwa kwa pikipiki vinaweza kuwa vikavu kama gome na bado vikabeba kitu. Tena hatari inaanza kabla ya moto. Anayechuna, anayekata, anayeosha utumbo, huyo ndiye anayeshika damu mbichi, na kama ana mchubuko kidoleni huambukizwa hata asipoonja. Kidonda cha kimeta kwenye ngozi hugeuka cheusi katikati na mara nyingi hakiumi, basi mtu hukidharau. Kikiwahiwa hospitali, dawa zipo na hutibika.

Ngiri na nguruwe pori wana mkasa wao. Mwaka 1959 huko Kenya kundi la vijana lilikula nguruwe pori ambaye hakuiva, karibu na Mlima Kenya, wakaugua homa na maumivu ya misuli. Uchunguzi ukakuta minyoo ya Trikinela imejikunja ndani ya nyama, na hapo ndipo madaktari wakaandika kwa mara ya kwanza mlipuko wa ugonjwa huo kwa binadamu kusini mwa Sahara. Mnyoo huu moto unaumudu, mradi nyama iive mpaka katikati. Kipimo kinachotumiwa Marekani kwa nyamapori ya kusaga ni nyuzi 71 za Selsiasi. Jikoni kwetu maana yake ni hivi: hakuna wekundu ndani, na mshikaki wa ngiri usiwe na haraka.

Kwa nyani, sokwe na popo sina maelezo marefu. Wako karibu nasi kidamu, au wanabeba virusi ambavyo tumewahi kuvilipia kwa maisha ya watu. Ebola ilitambuliwa mara ya kwanza mwaka 1976, Yambuku nchini Kongo ikiwa miongoni mwa sehemu ilikozuka, na baadhi ya milipuko iliyofuata imehusishwa na watu waliowashika au kuwapasua wanyama wa msituni. Hao waachwe.

Halafu kuna jambo ambalo lugha yetu imelibeba bila sisi kulisikia. Kwa Kiswahili, ile inayotoka kwenye bunduki na ile metali nzito inayotia sumu ubongo wa mtoto zina jina moja: risasi. Risasi ya madini ya risasi ikimpiga mnyama hupasuka, na chembe zake, nyingine ndogo kuliko unga wa sembe, huenda mbali na tundu unaloliona. Mwaka 2008 jimboni North Dakota, nyama ya kulungu ya kusaga waliyoitoa wawindaji kwa ajili ya maskini ilipigwa picha za eksirei ikakutwa na chembe hizo, na idara ya afya ya jimbo ikazishauri benki za chakula zisiigawe. Ilikuwa sadaka, imetolewa kwa roho safi, ya mnyama mzima wa afya. Tangu hapo ushauri kwa wawindaji umekuwa kukata na kutupa eneo pana kuzunguka jeraha, na wengine wamehamia risasi za shaba. Ukinunua bucha, kipande chenye damu iliyovilia na mifupa iliyosagika kiache mezani. Nyama ya kusaga ya mnyama aliyepigwa bunduki usimpe mtoto mdogo wala mjamzito.

Joto la mzoga nalo ni hesabu. Mnyama aliyekimbizwa muda mrefu akafa akihema, nyama yake haichachuki inavyopaswa, huwa nyeusi, inanata na kuharibika upesi. Risasi ikipita tumboni, kinyesi humwagika ndani na hakuna maji yatakayokiosha kikaisha. Ulaya wanataka mzoga mkubwa ushushwe hadi nyuzi 7, wa mnyama mdogo nyuzi 4. Kwa Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hesabu hiyo haina kazi, kwa kuwa mnyama hupigwa kwa mshale, hubanikwa na kuliwa siku ile ile, na aliyemwona akikimbia ndiye anayemla. Shida huanza nyama inapopanda gari. Kutoka kitalu cha uwindaji hadi mjini kwa pikipiki, juani, kwenye salfeti: saa sita, saba. Ukiingia bucha la nyamapori basi angalia jokofu kabla ya kuangalia bei, uliza ni mnyama gani, amewindwa wapi na lini, mkaguzi ni nani, na risiti uitunze mpaka nyama iishe nyumbani, kwa kuwa ukiulizwa njiani ndiyo itakayokusemea. Waislamu wana swali la ziada na wana haki ya jibu: je, alichinjwa kabla hajakata roho, na nani? Mafundisho ya pwani dhidi ya kula nyamafu, mnyama aliyejifia, yalikuwa yanawakinga watu na kimeta karne nyingi kabla ya darubini.

Baada ya maelezo haya shemeji akanitupia maswali ya pembeni, na mengine yalinitoa jasho.

Ukimgonga swala usiku kwenye barabara inayokatiza Mikumi? Bado si wako. Toa taarifa, lipa kinacholipwa, umwache pale. Hata sheria ingekuruhusu, mnyama aliyegongwa matumbo yake huwa yamepasuka na damu imevilia mwili mzima.

Nyati akiingia kijijini, askari wa wanyamapori wakampiga, wakagawa nyama? Hapo nyama ina mwenyewe na ina shahidi, kwa hiyo si sawa na paja lililoletwa usiku. Lakini hapa ndipo naona pengo. Bucha lina mkaguzi. Mgao wa chini ya mwembe una shoka na foleni. Vivyo hivyo nyama ya wawindaji wa kitalii inayopelekwa vijijini jirani na kitalu. Nyati hubeba kifua kikuu na brusela, na mwanakijiji anastahili macho yale yale anayoyapata mnunuzi wa mjini. Kama afisa mifugo yupo kata hiyo, aitwe kabla ya shoka.

Na mtoto wa shangazi aliyeko ughaibuni, afungiwe kidogo kwenye sanduku? Hapana. Umoja wa Ulaya na Uingereza haziruhusu nyama ya aina yoyote kutoka kwetu kwenye mizigo ya abiria, na Marekani nyamapori ya Afrika inaweza kumtia mtu kwenye faini ya hadi dola 250,000.

Akanyamaza, kisha akarudi kwenye paja lake. Nikamwambia asilikate, asiwape mbwa, asiliweke jokofuni pamoja na chakula kingine, anawe mikono kwa sabuni, na kwanza kabisa ampigie rafiki yake amuulize jambo moja: mlimpiga saa ngapi?

Baada ya dakika kumi simu yangu ikaita tena.

"Anasema hawakumpiga," shemeji akasema. "Walimkuta amelala kando ya mto."

Usiku ule paja lilitoka nje likiwa bado kwenye salfeti yake, likawekwa juu ya paa la banda la kuku mahali mbwa wasipofika, na asubuhi afisa mifugo wa kata akapigiwa simu kabla ya chai.